Sababu Kwanza, Soko Baadaye: Jinsi ya Kuuza Kondoo wa Mbegu Usiowahitaji

Mfugaji wa Kajiado mwenye kundi la Dorper, Red Maasai au machotara wao hufika wakati akaona kondoo fulani hawana tena nafasi zizini. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Anza kwa kujiuliza kwa nini humtaki kondoo huyo, maana sababu ndiyo itakayokuonyesha pa kumuuza. Kondoo mzima aliyezidi mahitaji yako anaweza kujenga kundi la mwenzako. Mwenye kasoro akipelekwa huko atalibomoa, na jina lako litaharibika pamoja nalo.

Hatua ya 1: Andika sababu ya kila mmoja

Chukua daftari umpitie kondoo mmoja baada ya mwingine. Je, ni uzee? Amekosa mimba msimu baada ya msimu? Ametupa mimba? Humkataa mwanawe? Huzidiwa na minyoo kila mvua zikinyesha? Au malisho tu ndiyo yamepungua?

Dume ana sababu yake ya pekee. Mimba ya kondoo huchukua miezi 5, na jike aliyelishwa vizuri anaweza kupandwa akiwa na miezi 8 hivi. Kwa hiyo, miezi 13 tu baada ya dume kuanza kazi, binti zake wa kwanza wako tayari kupandwa naye. Huyo hana ubovu wowote. Anahitaji kuhamia kundi lisilo na damu yake.

Hatua ya 2: Mkague mwilini

- Meno. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu. Akikaribia miaka 4, jozi zote 4 zimetimia. Yakianza kuachana, kukatika au kung'oka, hataweza kula vizuri malisho ya kiangazi.
- Macho. Vuta kope ya chini utazame ndani. Wekundu ni dalili njema. Weupe huonyesha upungufu wa damu, mara nyingi kwa sababu ya minyoo wafyonzao damu tumboni.
- Kiwele. Kipapase chote. Uvimbe mgumu au chuchu iliyoziba maana yake wana watakosa maziwa.
- Korodani. Ziwe mbili, zinazolingana, ngumu kiasi na zisizo na vinundu.
- Miguu. Mtembeze uone kama anachechemea, kisha ukague kwato.

Hatua ya 3: Tenga mafungu matatu

*Fungu la mbegu* ni la wazima: dume aliyemaliza zamu yake, majike wachanga waliozidi, au wenye mimba usioweza kuwalisha.

*Fungu la nyama* ni la wazee, wasioshika mimba na wenye viwele vibovu. Hakikisha jike wa fungu hili hana mimba. Mtenge na madume mapema.

*Fungu la kusubiri* ni la walio kwenye dawa, wagonjwa, na kila aliyetupa mimba. Kutupa mimba kunaweza kutokana na brusela au homa ya Bonde la Ufa, na magonjwa yote mawili humpata binadamu. Asiuzwe popote kabla daktari wa mifugo hajampima.

Anayesumbuliwa na minyoo mfikirie kwa makini. Utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba Red Maasai huhimili minyoo kuliko Dorper. Dorper anayedhoofika kwenye majani mabichi ya bondeni anaweza kufaa nchi kavu. Mtibu kwanza, kisha mweleze mnunuzi historia yake waziwazi.

Hatua ya 4: Chagua pa kuuzia

Kondoo wa mbegu muuzie mfugaji, tena zizini kwako. Hapo mnunuzi ataona mama, ndugu na daftari la uzazi, na rekodi hizo ndizo zinazompandisha bei. Waulize wafugaji wa eneo lako na ofisa wa mifugo wa wadi ni nani anayetafuta dume. Mnaweza pia kubadilishana madume, mradi wote wawili wamekaguliwa. Ukimpeleka dume bora kwenye soko la wiki, atapimwa kwa nyama tu.

Wa nyama wana njia mbili. Soko la mifugo, kama Bissil au Ewaso Ng'iro, lina wanunuzi wengi na pesa hulipwa papo hapo, lakini siku ikiharibika utashawishika kukubali bei yoyote. Bucha wa karibu, au mfanyabiashara anayechinjia Kiamaiko, Nairobi, humfaa mwenye kondoo kadhaa kwa pamoja.

Hatua ya 5: Chagua wakati

Sherehe za Desemba na Idi ya kuchinja huleta wateja. Idi hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda. Kondoo wa kuchinjwa Idi asiwe chongo, kiwete, mgonjwa wala aliyekonda mno. Januari wengi huuza ili kulipa karo, na bei huelekea kushuka. Mvua zikikosekana, uza mapema wakiwa bado na mwili.

Hatua ya 6: Timiza masharti

Pata kibali cha kuhamisha mifugo kutoka kwa ofisa wa mifugo, na uulize kama eneo lako limefungwa kwa karantini. Soma kibandiko cha kila dawa uliyotumia: kinataja siku za kungoja kabla nyama haijaliwa. Zingoje zote, kwa sababu mlaji hana namna ya kujua ulichomdunga kondoo.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya kinachobaki mkononi

Tuseme kondoo ana kilo 40 akiwa hai. Ukikadiria nyama kuwa asilimia 45 ya uzito huo, ni kilo 18. Bucha akilipa Sh600 kwa kilo, utapata Sh10,800 nyumbani. Sokoni umeahidiwa Sh11,000, lakini ukiondoa Sh400 za gari, Sh100 za ushuru na Sh300 za dalali, zinabaki Sh10,200. Weka bei ya chini kabisa kabla hujatoka nyumbani, na uwe tayari kurudi naye.

Hatua ya 8: Fuatilia

Andika tarehe, bei na jina la mnunuzi. Aliyechukua kondoo wa mbegu mpigie simu baada ya msimu wa kuzaa. Ikiwa dume ameshindwa kazi, zungumzeni fidia. Mfugaji akijua kwamba kasoro za kondoo wako huzisikia kwako kwanza, atarudi kununua, na atawaleta wenzake.