Tuwafundishe Watoto Kuisoma Picha

Katika duka la nguo, katika saluni ya nywele, na zaidi katika simu ambazo watoto wetu huzishika mchana na usiku, zimejaa picha za wasichana waliovaa vizuri. Wote ni warefu, wote ni wembamba, na ngozi zao hazina doa wala kovu. Binti huitazama picha, kisha hujitazama katika kioo, na mara furaha yake hupungua. Hakuna mtu aliyemtukana. Picha peke yake imemwambia ya kuwa amepungukiwa.

Wazazi wengi wakiliona jambo hili hukemea. Husema, "Upuuzi mtupu huo!" na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi twaona ya kuwa kukemea hakutoshi. Kupenda mavazi mazuri si dhambi, wala uzuri si adui wa mtu. Mama zetu walipenda kanga, lakini hawakuinunua kabla ya kulisoma jina lake, wasije wakavaa maneno wasiyoyakubali. Vivyo hivyo yafaa tuwafundishe watoto kuisoma picha. Maswali ni matatu: Picha hii imetengenezwa namna gani? Aliyemo ndani yake ni nani kwa kweli? Naye ametendewaje?

Swali la kwanza. Picha ya mitindo ya mavazi haipigwi kama picha ya arusi ya jirani. Taa hupangwa, uso hupakwa poda, na nguo isiyomkaa vema msichana hubanwa mgongoni kwa pini mahali ambapo hapaonekani. Picha nyingi sana hupigwa ili ichaguliwe moja. Kisha hiyo moja hutiwa katika kompyuta: kiuno hupunguzwa, miguu hurefushwa, ngozi hulainishwa hata vinyweleo visionekane. Hivyo binti anayejilinganisha na picha hajilinganishi na msichana mwenziwe. Anajilinganisha na mtu asiyekuwapo duniani. Hata yule aliyepigwa picha, akiamka asubuhi, hafanani naye.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea nyumba za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi hiyo iliitwa Shirley. Mafundi waliitumia kupimia rangi: ngozi ya mwanamke yule ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa sawa. Kwa sababu hiyo watu weusi walipopigwa picha za rangi, mara nyingi sura zao zilitoka kama kivuli, yakaonekana macho na meno tu. Na filamu zilipoanza kurekebishwa, malalamiko yaliyosikilizwa kwanza hayakuwa ya watu weusi. Yalikuwa ya wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuonekana vema katika matangazo. Ilifika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Basi mama mweusi aliyejiona mbaya katika picha za zamani hakuwa mbaya hata kidogo. Kipimo ndicho kilichokuwa cha mtu mwingine.

Swali la pili: aliyemo ni nani? Hapa twatoa mfano uliotokea karibu nasi. Mwaka 1975 msichana mmoja Msomali, jina lake Iman, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Nairobi. Alizaliwa Mogadishu, baba yake alikuwa balozi, naye alijua lugha kadhaa. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alimwona mjini akamwomba ampige picha. Iman alipofika New York katika mwaka ule ule, magazeti ya huko yaliambiwa hadithi nyingine kabisa: ya kwamba alikuwa mchungaji wa mifugo, ameokotwa nyikani. Mwanafunzi wa siasa, binti wa balozi, akageuzwa kuwa kiumbe cha porini, kwa kuwa hadithi hiyo ndiyo iliyouzika. Mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi ilivyokuwa. Ameeleza pia ya kuwa, alipoanza kazi, wapambaji walimwuliza kama amekuja na poda yake mwenyewe, maana wao hawakuwa na iliyofaa ngozi yake. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi kama yake. Twamsifu, lakini tusisahau ya kuwa picha na maneno yake vyaweza kumwibia mtu hata asili yake.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Fundi wa mtaani kwetu hupima mwili kwanza, ndipo akate kitambaa. Katika biashara kubwa ya mitindo mambo yamepinduliwa: nguo za maonyesho hushonwa mbele kwa kipimo kimoja kidogo, na msichana ndiye atakiwaye kuipata nguo. Asipoingia, huambiwa apunguze. Akipunguza, husifiwa. Akizidi kupunguza, hupewa kazi nyingi zaidi. Hivyo njaa huwa sehemu ya kazi.

Mwezi wa Agosti 2006, katika mji wa Montevideo, Uruguay, mwanamitindo Luisel Ramos mwenye umri wa miaka 22 alishuka jukwaani akaanguka, na moyo wake ukasimama. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, katika Brazil, alikufa Ana Carolina Reston mwenye miaka 21, kwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Urefu wake ulipita mita 1.70, na uzito wake ulikuwa kama kilo 40. Wasichana hawa hawakuwa wavivu wala wapumbavu. Walikuwa wafanyakazi, nao walitii walichotakiwa na kazi yao.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii watu hupenda kumsemea msichana mrembo. Sisi twaona ya kuwa yaifaa zaidi biashara yenyewe, ambayo nje yang'aa na ndani ina mambo makavu. Msichana huchukuliwa na wakala, akasafirishwa mpaka mji mgeni, akapangiwa chumba pamoja na wenziwe. Tiketi, kodi ya chumba na picha za kumtangaza huandikwa katika daftari kuwa deni lake. Anapopata kazi, wakala hukata sehemu yake, kisha hukata deni. Na wengine hufanya kazi miezi mingi pasipo kushika fedha yoyote mkononi. Msichana mwenye deni, aliye mbali na kwao, asiyejua lugha ya mji, atawezaje kumkatalia mpiga picha anayemwambia avue nguo? Atawezaje kusema, akiguswa isivyopasa? Tangu mwaka 2017 wanamitindo wengi, wanawake kwa wanaume, wamesimama hadharani wakasimulia waliyotendewa, na wakubwa kadhaa wa kazi hiyo wameondolewa na magazeti yaliyokuwa yakiwaajiri. Lakini kabla ya hapo ukimya ulidumu miaka mingi, kwa kuwa mwenye kulalamika alijua atakosa kazi.

Mtu asiseme ya kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo, haina dawa. Dawa imeanza kutafutwa. Septemba 2006 maonyesho ya mavazi ya Madrid yalikataa wanamitindo wembamba kupita kiasi: msichana mwenye urefu wa mita 1.75, kwa mfano, hakupokewa kama hakufika kilo 55 hivi. Katika Ufaransa, tangu mwaka 2017, mwanamitindo hana budi kuwa na cheti cha daktari cha kuthibitisha afya yake, na wakala asiyefuata sheria hiyo aweza kutozwa faini ya euro 75,000 na kufungwa miezi 6. Tena huko picha ya tangazo ambayo umbo la mwili limebadilishwa kwa kompyuta ni lazima iandikwe wazi ya kuwa imerekebishwa. Katika jimbo la New York sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2024, na kuanza kutumika Juni 2025, imewawekea mawakala mpaka wa sehemu wanayoweza kukata, na imekataza kutengeneza mfano wa mtu kwa kompyuta pasipo ridhaa yake. Sheria hizi hazikushuka zenyewe. Zilidaiwa na wanamitindo walioungana, na na watu walioona ya kuwa anayevaa nguo ana haki kama anayeishona.

Sasa turudi nyumbani. Ubaya wa picha hizi haukubaki Paris wala New York. Umefika katika vyumba vyetu kwa jina la mkorogo. Binti zetu, na mama zao pia, huchanganya dawa za kuchubua ngozi ili wafanane na rangi waliyoiona pichani. Zebaki iliyomo katika baadhi ya dawa hizo huharibu figo, na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado huuzwa kwa siri, kwa kuwa wako wanaovitafuta. Sheria yaweza kumzuia mwuzaji. Moyo wa mnunuzi hufundishwa nyumbani.

Nao mfano mwema tunao. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Miss Universe, akiwa amenyoa kichwa chake. Hakuazima nywele za mtu wala rangi ya mtu, naye akafika miongoni mwa kumi wa kwanza. Baadaye alianzisha taasisi inayosaidia wasichana kupata elimu. Hatusemi kila binti anyoe nywele. Twasema kila binti ajue ya kuwa kipimo cha wageni si amri.

Basi wazazi wafanye nini? Binti akisema anataka kazi ya mitindo, wasimfukuze, maana akifukuzwa atakwenda kwa siri, na wa siri ndiye anayeibiwa. Wakae naye, wauulize mkataba. Anayetaka fedha kwanza kabla ya kutoa kazi, huyo aachwe. Mkataba usomwe nyumbani na mtu mzima anayeelewa, usitiwe sahihi kwa haraka. Yajulikane mapema mambo haya: nani atalipa tiketi, binti atalala wapi, atakatwa kiasi gani, na atarudi kwa fedha ya nani. Hati yake ya kusafiria asimpe mtu kuiweka. Asiyetimiza miaka 18 asiende kupigwa picha bila mzazi au ndugu mtu mzima. Na kila msichana aambiwe waziwazi, na mama yake na hata na baba yake, ya kuwa akikataa kuvua nguo au kuguswa hakukosa adabu, na ya kuwa nyumbani atapokewa hata akirudi mikono mitupu.

Wale wasiotaka kazi hiyo, nao wana somo lao. Jioni moja, mzazi aichukue picha moja ya tangazo, aketi na watoto, wavulana kwa wasichana, waulizane yale maswali matatu. Wavulana wasiachwe nje, maana wao ndio mara nyingi humdharau dada au mchumba kwa kumlinganisha na picha. Watoto wakijua taa iliwekwa wapi, kompyuta ilibadili nini, na msichana yule alikula nini siku ile, hawataichukia picha wala kuiabudu. Watamwona mtu aliyemo ndani yake, ambaye ni binti wa mama fulani, nao watatambua ya kuwa alistahili chakula, ujira na heshima.