Kompyuta ya Zamani, Amana ya Wananchi: Somo la Kubadili Mfumo Endeshi

Katika mabaraza ya polisi na wananchi tumekutana mara nyingi na katibu wa LC1, mweka hazina wa SACCO au mwalimu mkuu ambaye hutunza habari zote za watu wake ndani ya kompyuta mpakato ya zamani. Kompyuta hiyo huchelewa kuwaka na feni yake hunguruma, lakini ndani yake mna majina, namba za simu, namba za vitambulisho na hesabu za akiba za majirani zetu. Ni amana.

Nasi hatusemi haya kama watu wasiojikwaa. Miaka kadhaa iliyopita, kompyuta moja ya ofisi yetu ilielemewa na kazi. Tulimkabidhi fundi aiwekee mfumo mpya, wala hatukutoa nakala ya chochote. Jioni ilirudi ikiwa nyepesi, na diski ikiwa tupu. Malalamiko ya wananchi ya miezi minane yalikuwa yamefutika. Ilitubidi kuwarudia waliotueleza shida zao, tuwaombe waanze upya. Wengi walikubali. Mama mmoja alituambia kuwa maneno yale aliyasema mara moja kwa uchungu, na hatayasema tena. Hatukuwa na la kumjibu.

Kwa nini basi tubadili mfumo, ikiwa kubadili kuna hatari? Mfumo endeshi ndio unaosimamia kazi zote za kompyuta, na mtengenezaji huuziba nyufa kila zinapogunduliwa. Ipo siku huacha. Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020. Ule wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry viliingia katika kompyuta za nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kiraka cha ufa ule kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tufuate hatua hizi.

Kwanza, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje au flashi, kisha uyafungue katika kompyuta nyingine ili uhakikishe kwamba yanasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

Pili, pima nguvu za mashine. Windows 11 huhitaji RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya diski ya GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Anayeilazimisha huitwika punda mzigo wa lori.

Tatu, ikiwa mashine haiwezi, chagua mfumo mwepesi. Linux Mint ya aina ya Xfce hutolewa bure na kwa halali. Hutosheka na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na diski ya GB 20. Huja na programu za kuandikia barua na kupigia hesabu. Waweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: kagua intaneti, sauti na printa kabla ya kuamua. Fahamu pia kwamba baadhi ya programu za Windows hazitafanya kazi humo. Mweka hazina na aulize kwanza kuhusu programu yake ya hesabu.

Nne, pakua mfumo kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Nakala za wizi zinazouzwa kwa bei ya soda huweza kubeba programu za kuiba nywila. Umeme nao usisahauliwe: jaza betri na uache chaja imechomekwa, kwa kuwa kukatika kwa umeme katikati ya kazi huweza kuiacha mashine isiwake.

Tano, ukimwita fundi, kaa naye. Mwulize waziwazi kabla hajaanza, "Je, utafuta diski?" Asiondoke na kompyuta yenye taarifa za watu.

Hapa Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuingia mikononi mwa wasiohusika. Ofisi ndogo haina udhuru, nasi polisi hatuna.

Tangu siku ile, ofisi yetu hutoa nakala kila Ijumaa, na nakala hiyo hufungiwa kabatini. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Maneno ya yule mama hayakurudi. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba atakayetuamini kesho hataombwa kuyarudia yake.