Kejeli si Dhihaka: Somo Kutoka kwa Mchekeshaji wa Chama

Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wahenga. Mimi usaha wangu ulitumbuka Ijumaa moja ya muhula wa kwanza.

Ndugu msomaji, wanijua. Ndimi yule anayewachekesha kwenye mikutano ya Chama cha Kiswahili. Siku hiyo niliigiza jinsi mmoja wa wapishi wetu anavyochechemea akibeba sufuria ya githeri. Watu walivunjika mbavu! Kutoka nje, nikamkuta mpishi mwenyewe mlangoni, hacheki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana wangu, cheka githeri. Mguu wangu niachie."

Mwalimu mlezi wa chama alipopata habari aliniita. "Adhabu yako ni somo. Kaitafute tofauti ya kejeli na dhihaka, kisha uwafunze wenzako." Basi haya ndiyo niliyoyapata.

1. MAANA

Dhihaka humdunisha mtu, mara nyingi kwa jambo asiloweza kulibadilisha: mguu, sura, kabila, umaskini wa kwao. Kejeli humcheka mtu kwa alilolitenda au alilokataa kulitenda, hasa akiwa na mamlaka, kwa nia ya kurekebisha. Zana zake ni nyingi. Tazama tatu:

(a) Kinaya: "Twamshukuru mheshimiwa kwa kutuchimbia mabwawa ya samaki katikati ya barabara."
(b) Chuku: "Ahadi zake zikipangwa moja juu ya nyingine zitakipita kilele cha Batian."
(c) Istiara: hadithi ya fisi aliyechaguliwa kuwa mweka hazina wa chama cha mbuzi.

2. WALIOTUTANGULIA

Hodari wa kazi hii nchini alikuwa Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, huko upande wa pili wa mlima wetu. Safu yake ya gazetini iliitwa Whispers. Ujanja wake ulikuwa kujicheka mwenyewe kwanza: mume mpenda pombe, anayemwogopa mkewe aliyempa jina la Thatcher, kama yule waziri mkuu wa Uingereza. Unacheka nyumba ya Whispers, kumbe nyumba yenyewe ni Kenya!

Usidhani alicheka kwa kuwa maisha yalikuwa matamu. Mwaka 1986 alikamatwa, akazuiliwa Nyayo House, kisha akafungwa jela miezi 15 kwa madai ya kuhusika na Mwakenya. Alipotoka aliendelea kuandika, na mwaka 1991 akachapisha riwaya ya Three Days on the Cross. Alifariki mwaka 2003.

Wengine walimfuata. Mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kuchorea gazeti la Nation mwaka 1992. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini vijana wa Redykyulass, waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, walimwiga Rais Moi mbele ya watu, naye angali Ikulu. Jambo hilo miaka kumi nyuma, nani angethubutu?

3. JE, MAMBO YAMEKWISHA?

La hasha. Desemba 2024 kijana mmoja alichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka kwa kinyozi, hapa hapa mjini Embu, baada ya picha iliyomwonyesha Rais ndani ya jeneza kusambazwa mtandaoni. Siku hizo alipotea pia mchoraji Kibet Bull. Walirudi makwao Januari 2025.

Nitasema wazi: picha ile mimi nisingeituma. Kifo si kosa la mtu, na jeneza halimrekebishi kiongozi. Lakini mzaha mbaya hujibiwa kwa maneno, au kortini kama sheria imevunjwa. Haujibiwi kwa gari lisilojulikana linakokwenda. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinakataza uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki, na kinatutaka tuheshimu sifa za wengine. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mizani ya mchekeshaji.

Nasi wanafunzi tumo. Aprili 2025 wasichana wa Butere walipeleka mchezo wa Echoes of War kwenye tamasha la Nakuru, Mahakama Kuu ikiwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao alizuiwa kuwafikia. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani.

Tofauti moja na zama za Whispers: yeye alikuwa na mhariri wa kumshika shati. Sisi tuna simu. Kidole kikishabonyeza, basi! Kwa hiyo kila mmoja wetu awe mhariri wake. Ajiulize: namcheka nani? Kwa alilotenda, au kwa alivyozaliwa?

4. MWISHO WA KISA

Nilimwomba mpishi msamaha, akanipa mkono. Ijumaa iliyofuata niliigiza kamati ya chakula ikitafuta maharagwe ndani ya githeri kwa darubini. Aliyecheka kwanza, tena kwa sauti, alikuwa mpishi. Waliokuwa viti vya mbele walitabasamu kidogo tu. Lakini jamani, Jumatatu maharagwe yalionekana kwa macho matupu!

ZOEZI
1. Eleza tofauti ya kejeli na dhihaka, ukitoa mfano mmoja mmoja kutoka shuleni.
2. Tunga sentensi tatu za kinaya kuhusu ukame wa maji bwenini. Usimtaje mtu.
3. "Mchekeshaji hodari huanza kwa kujicheka." Jadili.