Swali na jibu: Rafiki yangu anataka kuliona ziwa

SWALI: Mimi ni Mbembe, mkulima hapa Lulimba. Rafiki yangu mzee ni Munyamulenge, mfugaji. Watu hushangaa tunavyopendana, kwa kuwa jamii zetu zimegombana. Ana kansa isiyo na tiba tena. Tangu ujana anatamani kuliona Ziwa Tanganyika pale Baraka. Nimpeleke?

JIBU: Mpeleke, ndugu, lakini tuliza maumivu kwanza. Muulize muuguzi kuhusu mofini ya kunywa. Hunywewa kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, basi omba na dawa ya kulainisha. Uganda imeitumia majumbani tangu 1993, shirika la Hospice Africa lilipoanza Kampala. Wengi hupata nafuu ya kuzungumza na kusafiri.

Pili, kaeni na wanawe. Ruhusa yao itakukinga na lawama. Ulizeni usalama wa njia, mpumzike Fizi, mbebe dawa ya ziada. Kiangazi barabara ni afadhali, ila ugonjwa haungoji majira. Akidhoofika, mpigie picha za ziwa, umletee samaki wa Baraka.

Usiahirishe. Muulize leo anataka nini kwanza.