SOMO LA WIKI: Namba za mwisho za uteuzi wa NBA na bei ya kusubiri

MWEZI Juni 2009 klabu ya Memphis Grizzlies ya Marekani ilitumia namba 2 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya mpira wa kikapu ya nchi hiyo, NBA, kumchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na sifa kubwa ya ulinzi, na akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo.

Siku hiyo Memphis tayari ilikuwa na mchezaji mwingine wa nafasi hiyo hiyo ya kati, Mhispania Marc Gasol. Huyu aliteuliwa mwaka 2007 akiwa namba 48, yaani katika nusu ya mwisho ya raundi ya pili. Aliyemteua ni Los Angeles Lakers. Februari 2008 haki za kumsajili zilihamia Memphis, zikiwa sehemu ndogo ya mabadilishano yaliyompeleka kaka yake, Pau Gasol, Los Angeles.

Matokeo yanajulikana. Thabeet alihamishiwa Houston Februari 2011, na msimu wake wa mwisho katika NBA ulikuwa wa 2013/14. Gasol alitajwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013, aliitwa mara tatu katika mechi ya nyota, na mwaka 2019 alipata ubingwa akiwa na Toronto.

Mfanyabiashara akisikia habari hii anaweza kuhitimisha haraka kwamba bidhaa rahisi ni bora kuliko ya ghali. Hilo si kweli, na ndilo kosa linalowamaliza wawekezaji wengi wadogo. Katika uteuzi huo huo wa 2009, James Harden alikuwa namba 3 na Stephen Curry namba 7. Namba za juu ndizo zinazotoa nyota wengi zaidi. Kinachofaa kujifunza ni namna namba za mwisho zinavyouzwa, na kwa nini klabu zenye akili hazizitupi.

Soko lilivyo

Uteuzi hufanyika mara moja kwa mwaka, na tangu 1989 una raundi mbili tu. Klabu ni 30, hivyo majina kwa kawaida ni 60, ingawa baadhi ya miaka hupungua kwa sababu klabu fulani imenyang'anywa namba kama adhabu. Raundi ya pili huanzia namba 31. Bahati nasibu inayotumika kupanga namba za mwanzo za raundi ya kwanza haigusi raundi ya pili. Huku klabu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia, na iliyofanya vizuri kuliko zote hufunga orodha.

Kwa hiyo namba za kati ya 46 na 60 kwa asili ni mali ya klabu ambazo tayari zina nguvu. Lakini klabu nyingi huzitoa katika mabadilishano, au huziuza kwa fedha taslimu. Mwaka 2017 Chicago iliiuzia Golden State namba 38 kwa dola za Marekani milioni 3.5. Golden State ilimchukua Jordan Bell, na msimu uliofuata ilitwaa ubingwa akiwamo.

Tofauti ya mkataba

Tofauti kubwa kati ya raundi hizi mbili ni dhamana. Mchezaji wa raundi ya kwanza hulipwa kwa jedwali lililokwisha pangwa, na miaka miwili ya kwanza ya mshahara wake ni ya uhakika. Klabu ikikosea, inalipa kosa lake.

Mchezaji wa raundi ya pili hana jedwali hilo la uhakika. Ili isipoteze haki za kumsajili, klabu inatakiwa tu kumpa mkataba wa mwaka mmoja wa mshahara wa chini, ambao si lazima uwe na dhamana. Anaweza kuachwa kabla msimu haujaanza. Tangu 2017 ipo pia njia ya mkataba wa pande mbili, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya NBA na ligi yake ndogo kwa malipo ya nusu ya mshahara wa chini wa mchezaji mgeni. Makubaliano ya 2023 yaliongeza nafuu, kwani klabu sasa inaweza kumpa mchezaji wa raundi ya pili mkataba wa miaka mitatu au minne bila kugusa nafasi yake ndani ya kikomo cha mishahara.

Kwa lugha ya sokoni, mwenye namba ya mwisho ananunua karatasi ambayo hasara yake inajulikana tangu siku ya kwanza. Faida yake haina kikomo kinachoonekana. Uwezekano wa kupata faida hiyo, hata hivyo, ni mdogo.

Haki ya kusubiri

Faida ya pili ni muda. Klabu ikimteua kijana anayecheza nje ya Marekani, inaweza kumwacha huko huko akomae, analipwa na wengine, huku haki za kumsajili katika NBA zikibaki mikononi mwake. San Antonio ilimteua Manu Ginobili wa Argentina mwaka 1999 akiwa namba 57. Alibaki Italia hadi 2002. Kisha akaipa klabu hiyo mataji manne, na mwaka 2022 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Denver ilifanya hivyo hivyo mwaka 2014 kwa Nikola Jokić wa Serbia, namba 41. Jina lake lilipotangazwa, televisheni ilikuwa ikionyesha tangazo la mgahawa. Alibaki kwao mwaka mmoja, akaja 2015. Amekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024, na mwaka 2023 Denver ikapata ubingwa wake wa kwanza.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Thamani ya karatasi rahisi humfikia mwenye uwezo wa kukaa nayo. Anayelazimika kuiuza wiki ijayo ili alipe karo au kodi ya pango hanunui tena muda. Amenunua bahati tu.

Karatasi tupu

Si kila namba ya raundi ya pili ina kitu ndani. Zipo zinazotolewa kwa masharti. Klabu inaweza kuahidi namba yake ya mwaka fulani, ila ikiangukia kati ya 31 na 55 inabaki nayo. Mpokeaji ataipata iwapo tu itakuwa 56 hadi 60. Ahadi ya namna hiyo mara nyingi huandikwa kwa sababu kanuni zinataka kila upande utoe kitu katika mabadilishano. Kwenye orodha inasomeka kama mali, lakini mkononi mara nyingi haileti chochote. Mwenye kuhesabu idadi ya karatasi bila kusoma masharti yake atajiona tajiri hadi siku ya kukusanya.

Hesabu ya walionyamaza

Majina ya Gasol, Ginobili na Jokić hurudiwa kwa sababu ni machache. Mwaka ule ule wa 2009, zaidi ya nusu ya walioteuliwa kuanzia namba 50 hadi 60 hawakucheza hata mechi moja ya NBA. Aliyefanikiwa zaidi kati yao ni Patty Mills wa Australia, namba 55, aliyepata ubingwa na San Antonio mwaka 2014.

Bingwa mwenzake siku hiyo alikuwa Danny Green, namba 46 wa mwaka huo huo. Cleveland iliyomteua ilimwacha 2010. San Antonio ikamchukua, ikamwacha, kisha ikamrudisha 2011. Baadaye alitwaa ubingwa tena na Toronto mwaka 2019 na Lakers mwaka 2020. Cleveland ilikuwa na karatasi sahihi, ila iliitupa kabla haijaiva.

Kupata si kumiliki daima

Bei nafuu ina ncha nyingine. Mkataba mfupi humfanya mchezaji awe huru mapema. Jalen Brunson aliteuliwa na Dallas mwaka 2018 akiwa namba 33. Miaka minne ilipokwisha alihamia New York kwa mkataba wa takriban dola milioni 104, na Dallas haikupata mchezaji yeyote badala yake. Denver iliona hatari hiyo mapema. Mwaka 2018 ilikataa kutumia mwaka wa mwisho wa mkataba wa Jokić, ambao ungeigharimu dola milioni 1.6 tu, ili impe mkataba mpya wa takriban dola milioni 148 kwa miaka mitano. Iliachia nafuu ndogo ikalinda mali kubwa.

Hasara ya nani?

Jambo la mwisho halipo kwenye mizania ya klabu. Hasara inapokuwa ndogo kwa mnunuzi, kuna mtu mwingine aliyeibeba. Katika raundi ya pili aliyeibeba ni kijana mwenyewe, asiye na dhamana na ambaye haki zake zimefungwa kwa klabu moja. Ndiyo maana mawakala wengine, saa za mwisho za uteuzi, huziomba klabu zisimtaje mteja wao. Asipoteuliwa anakuwa huru kuchagua klabu yenye upungufu katika nafasi yake. Kuwa nje ya orodha wakati mwingine kuna thamani kuliko kuwa mkiani mwake.

Kwa upande wa Thabeet, hakujipangia namba 2. Memphis ndiyo iliyoamua kulipa bei ya namba hiyo, na bei ikamfuata kijana kila uwanja alioingia. Mchezaji yule yule, kama angechukuliwa namba 48, asingedaiwa chochote zaidi ya kujifunza.

Kwa mwekezaji mdogo maswali ni manne kabla ya kununua kilicho rahisi. Hasara ya juu kabisa ni kiasi gani? Nina uwezo wa kusubiri muda gani bila kuigusa fedha hiyo? Masharti yaliyoandikwa chini yanasemaje? Na ikipanda, nitaizuiaje isinitoke? Asiye na jibu la yote manne asidanganyike na udogo wa bei. Rahisi isiyo na majibu hayo ni ghali.