Je, Vijana Wazuiwe Mitandao ya Kijamii?

Wazazi wengi, pamoja na ndugu walioingia Islam karibuni, huuliza kama inafaa kumzuia kijana asitumie mitandao ya kijamii. Australia imekwisha toa jawabu lake: kwa sheria iliyopitishwa Novemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa hairuhusiwi kuwapa akaunti wenye umri chini ya miaka 16. Islam inasemaje?

Kwanza, Islam hailaani chombo. Tangu mwaka 1994 Jumuiya yetu inahubiri duniani kwa televisheni yake ya MTA, na leo matangazo hayo hutazamwa hata kwa simu ya mkononi. Kilicho kibaya ni uchafu, uzushi na kupoteza wakati. Kurani Tukufu (17:37) inafundisha kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Basi atakayeulizwa ni mtu, wala si simu.

Pili, mtoto si mtu mzima. Watu wa Kigoma wanao mfano ulio wazi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Ziwa halikuharamishwa, walio wachanga walilindwa mpaka wakomae. Kizuio cha mzazi nacho kiwe vivyo hivyo: kiwe na sababu inayoelezwa, na kiwe na mwisho unaojulikana.

Tatu, kuzuia peke yake hakutoshi. Kurani Tukufu (66:7) inawaamuru waaminio waziokoe nafsi zao na watu wa nyumba zao, nafsi imetangulizwa. Baba akeshaye na simu hata Sala ya Alfajiri ikampita, atamzuiaje mwanawe? Kijana atatii mbele yake, kisha ataazima simu ya mwenziwe. Wewe uliyeingia Islam jana, ambaye pengine jamaa zako bado wanakutazama kwa mashaka, usianze kwa amri. Anza kwa mfano. Weka simu yako kando baada ya Magharibi, usome Kurani pamoja na watoto, uwasikilize, na uwapeleke katika mikutano ya Atfal na Nasirat.

Kwa hiyo jawabu ni hili: kijana mchanga azuiwe, lakini azuiwe na mzazi aliyekwisha jizuia mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujalie hivyo. Amin.