Kabla Hujakirudisha Dukani: Kibodi na Kipanya Visivyo na Waya Vinapogoma

Nilipofika katika ofisi ya chama chetu cha akiba na mikopo, katibu alikuwa ameshakirudisha kipanya ndani ya boksi lake na anatafuta risiti. "Kaka, hiki ni kibovu. Nimehangaika nacho tangu saa mbili," aliniambia. Kompyuta ilikuwa mpya, kibodi mpya, kipanya kipya, na wanachama walikuwa wamepanga foleni. Niliomba nikione. Nikakigeuza, nikafungua kifuniko cha betri, na pembeni mwa betri nikaona kidude cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kimejificha kwenye kijitundu chake. Hakuna aliyekitoa. Tulipokichomeka kwenye kompyuta, mshale ulianza kutembea kwenye skrini kabla sijarudishia kifuniko.

Nimeliona jambo hili kwa sura nyingi, na siku hizi nikiambiwa kibodi mpya ni mbovu, siamini mpaka niishike mwenyewe. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila hakijaoanishwa. Neno lenyewe linatufundisha: kuoanisha ni kufanya viwili vioane. Kibodi isiyo na waya haimtii kila inayekutana naye. Inamtii yule iliyefungishwa naye ndoa, na kompyuta mpya kwake ni mgeni. Ukishajua ndoa hiyo inafungwa vipi na mshenga wake ni nani, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha.

Mtambue mshenga kwanza

Vifaa hivi huwasiliana na kompyuta kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni risiva, yaani kile kidude kidogo cha USB. Kwa kawaida kifaa na risiva yake huwa vimeoanishwa tangu kiwandani. Kompyuta haijui chochote kuhusu redio. Inadhani tu imechomekewa kibodi ya waya. Njia ya pili ni Bluetooth. Hapa hakuna cha kuchomeka, kwa sababu redio imo ndani ya kompyuta yenyewe, na kazi ya kuvitambulisha vifaa hivyo viwili ni yako.

Kigeuze kifaa chako ukitazame mgongoni, kisha usome boksi lake. Ukiona alama ya Bluetooth, ile inayofanana na herufi B yenye pembe kali, unajua njia yake. Boksi likitaja gigahezi 2.4 na USB bila kutaja Bluetooth, kifaa hicho ni cha risiva. Vipo pia vinavyotumia njia zote mbili, navyo huwa na swichi au kitufe cha kuchagua. Usiiruke hatua hii. Watu hupoteza asubuhi nzima wakitafuta kipanya cha risiva kwenye orodha ya Bluetooth, na humo hakitatokea hata wakisubiri mpaka jua lizame.

Anza na umeme

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, hakikisha kifaa kina nguvu.

1. Toa kipande cha plastiki kinachochungulia kwenye kifuniko cha betri. Huwekwa kiwandani ili betri isitumike njiani, na bila kukitoa umeme haupiti.
2. Angalia kama betri zimekaa kwa mwelekeo sahihi wa alama za kujumlisha na kutoa.
3. Tafuta swichi. Kwenye kipanya iko chini. Kwenye kibodi huwa mgongoni, ubavuni au ukingoni kwa juu.
4. Kifaa cha kuchaji kichaji kwanza kwa nusu saa.

Usikihukumu kipanya kwa sababu tu huoni taa nyekundu chini yake. Vipanya vingi vya sasa hutumia mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Na kama mshale unarukaruka au hautembei ilhali vitufe vinabofya vizuri, tatizo huenda ni meza: kipanya cha kawaida hakisomi vizuri juu ya kioo. Weka karatasi chini yake ujaribu tena.

Kifaa cha risiva

Tafuta risiva kwenye tumbo la kipanya, kwenye chumba cha betri za kibodi na kwenye kona za boksi. Kibodi na kipanya vilivyouzwa pamoja kwa kawaida hutumia risiva moja. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB, kisha subiri kama nusu dakika kompyuta iitambue.

Isipofanya kazi, ihamishie kwenye tundu lingine, kisha uzime kifaa na kukiwasha tena. Baadhi ya vifaa vina kitufe kidogo cha kuunganisha kwenye risiva na kingine chini ya kifaa. Bonyeza cha risiva, halafu cha kifaa mara moja baada yake. Bado kimya? Peleka vyote viwili kwenye kompyuta nyingine. Vikifanya kazi huko, shida iko kwenye kompyuta yako au kwenye tundu lake. Visipofanya kazi huko pia, shida iko kwenye vifaa. Jaribio hili la dakika mbili linakupa jibu ambalo kubahatisha kutwa nzima hakutakupa.

Risiva ikipotea, jambo ni zito zaidi. Vifaa vingi vya bei nafuu vimefungwa na risiva ile moja tu, na ya kipanya kingine haitavijibu hata kama zinafanana kama mapacha. Baadhi ya kampuni zina utaratibu tofauti. Logitech, kwa mfano, ilianza kutoa risiva ya Unifying mwaka 2009, yenye alama ya rangi ya chungwa, na mwaka 2021 ikaleta Logi Bolt. Kila moja hupokea hadi vifaa 6, na unaweza kununua nyingine ukaioanisha kwa programu ya kampuni. Ila kifaa cha Unifying hakiingii kwenye risiva ya Bolt, wala cha Bolt hakiingii kwenye Unifying. Kwa hiyo ukinunua kibodi ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli, uliza risiva iko wapi kabla hujatoa pesa.

Kifaa cha Bluetooth

Swali la kwanza: je, kompyuta yako ina Bluetooth? Kompyuta mpakato za miaka ya karibuni karibu zote zinayo. Za mezani nyingi hazina, hasa zile za mtumba zilizotoka maofisini. Kwenye Windows, fungua mipangilio kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I. Usipoona swichi ya Bluetooth, ama redio haipo ama draiva yake haijawekwa. Draiva pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Kama redio haipo, nunua adapta ndogo ya Bluetooth ya USB.

Wenye kompyuta mpya za mezani, tazameni nyuma ya mashine. Ukiona viungio viwili vya skrubu vya rangi ya dhahabu, hapo ndipo antena zinapofungwa, na mara nyingi antena zenyewe bado zimo kwenye boksi. Antena hizo huhudumia Wi-Fi na Bluetooth pamoja. Bila antena, kibodi inaweza kusikika kwa shubiri chache tu, kisha ikapotea ukirudi kwenye kiti.

Baada ya hapo fuata mpangilio huu:

1. Zima Bluetooth kwenye kompyuta ya zamani, simu na tableti ambazo kibodi hiyo iliwahi kuungana nazo. Kifaa kikiwashwa humkimbilia mwenza wake wa zamani, na kikishaungana naye kompyuta mpya haitakiona. Ni lazima talaka itangulie.
2. Bonyeza kitufe cha kuoanisha na ukishikilie kwa sekunde tatu hivi, mpaka taa ianze kumweka harakaharaka. Kuwasha kifaa pekee hakutoshi. Hapa ndipo wengi hukwama.
3. Kwenye Windows 11, nenda "Bluetooth & devices", kisha "Add device", kisha chagua Bluetooth. Kwenye Windows 10, anzia "Devices". Kwenye Mac, fungua "System Settings", ingia Bluetooth, na kifaa kikitokea bofya "Connect".
4. Skrini ikikuonyesha tarakimu sita, ziandike kwa kibodi ile mpya unayoiunganisha, kisha bonyeza Enter. Huenda usione chochote kikijitokeza unapoandika. Endelea mpaka mwisho, na usiisahau Enter.

Ikikataa katikati, usirudie juu ya jaribio lililoharibika. Kifute kifaa kwenye orodha, kwa "Remove device" kwenye Windows au "Forget This Device" kwenye Mac, halafu uanze upya tangu hatua ya kwanza. Kama kibodi yako ina vitufe vya namba 1, 2 na 3 vya kubadilisha kompyuta, hakikisha uko kwenye namba uliyoioanisha. Mtu anaweza kuigusa 2 bila kujua, akadhani kibodi imekufa.

Kwa kibodi na vipanya vya Apple vya kuchaji, njia ni fupi zaidi: washa kifaa, kiunganishe na Mac kwa kebo yake, subiri dakika moja, kisha chomoa. Vinaoana vyenyewe. Tumia kebo inayopitisha data, kwani zipo kebo zinazochaji tu.

Unapohitaji kipanya ili kuunganisha kipanya

Hili huwakuta wenye kompyuta mpya za mezani: skrini inakutaka ubofye, na kitu cha kubofyea ndicho unachojaribu kukiunganisha. Dawa yake ni kipanya cha USB chenye waya. Azima kwa jirani, au nunua cha bei ya chini ukiweke kwenye droo daima. Ukiwa na kipanya peke yake, kwenye ukurasa wa kuingia wa Windows bofya alama ya usaidizi iliyo chini kulia, ufungue kibodi ya kwenye skrini uandike nenosiri. Ukiwa na kibodi peke yake, kitufe cha Tab, mishale na Enter vitakufikisha unakokwenda. Mac ya mezani isipoona kibodi wala kipanya inapowashwa, huanza yenyewe kutafuta vya Bluetooth.

Jua pia kwamba kabla Windows haijaamka, yaani ukiwa kwenye mipangilio ya BIOS, kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haifanyi kazi. Ya risiva hufanya, kwa kuwa kompyuta inaiona kama ya waya. Kwa anayetengeneza kompyuta au kuweka mfumo upya, tofauti hii ina uzito.

Vimeoana, lakini vinakatikakatika

Risiva na Bluetooth vyote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi nyingi na ya tanuri la maikrowevu. Uwanja ni mmoja na wachezaji ni wengi. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kitaalamu yanayoonyesha kuwa vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa hayo. Ndiyo sababu kipanya huanza kusitasita mara unapochomeka diski ya nje pembeni mwa risiva. Ziachanishe: hamishia risiva kwenye tundu la mbali, mara nyingi lile jeusi badala ya la buluu, au tumia kebo fupi ya kurefusha USB uilete juu ya meza. Kompyuta iliyo chini ya meza ya chuma huihitaji kebo hiyo zaidi. Kama ruta yako ina gigahezi 5, hamishia kompyuta huko.

Vikikatika baada ya kukaa kimya dakika kadhaa, chunguza mipangilio ya kubana umeme. Kwenye Windows, fungua "Device Manager", tafuta adapta ya Bluetooth, ingia "Power Management", uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima. Kisha sasisha mfumo na draiva.

Usalama wa unachoandika

Nawaomba wanaoandika taarifa za watu, kama katibu wetu, wasome hapa kwa makini. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walifichua udhaifu walioupa jina MouseJack: risiva nyingi zisizo za Bluetooth ziliweza kupokea maandishi kutoka kwa mtu asiyehusika, aliye nje ya chumba na mwenye redio ya bei ndogo. Kampuni kadhaa zilitoa masasisho. Kwa hiyo sasisha programu ya risiva yako kama mtengenezaji anatoa sasisho, na kwa kazi za fedha chagua kibodi ambayo boksi lake linasema wazi kuwa mawasiliano yake yamesimbwa. Ombi la kuoanisha ambalo hukulianzisha wewe, likatae. Na ukiuza kompyuta ya zamani, futa kwanza vifaa vyako kwenye orodha yake.

Ukienda dukani, nenda na ushahidi

Vifaa vibovu vipo, na mnunuzi ana haki ya kubadilishiwa. Ila muuzaji huwa na jibu tayari kwa anayesema tu kwamba hakifanyi kazi. Mwambie hivi: nimeweka betri mpya, nimechomeka risiva yake, nimejaribu kwenye kompyuta mbili, na zote zimekataa. Kwa cha Bluetooth, mwambie kuwa taa ilimweka, kompyuta mbili zikakitafuta, na hazikukiona. Hapo hana la kukupinga, na risiti yako inakuwa na nguvu.

Katibu wetu hakuhitaji risiti yake siku ile. Foleni iliisha kabla ya adhuhuri.